Mlinzi wa Kimya

Baba mkwe wangu alikuwa dalali wa mnada tangu ujana wake, na hakutokea mtu wa kumwambia kwamba akishatoka mnadani anaweza kupunguza sauti. Alivyouza makabati na majokofu ndivyo alivyosalimia watu, ndivyo alivyosali, ndivyo alivyoomba apitishiwe chumvi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Nyundo, kwa ajili ya ile nyundo ya mti aliyogonga mezani kila alipomaliza kuuza kitu. Alipofiwa na mkewe na magoti yakaanza kumgomea, alihamia kwetu na sanduku moja la nguo, nyundo yake, na sauti yake.

Nilimpenda mzee yule, na nasema hivyo mapema kwa sababu yapo mambo nitakayoyasema hapa kwa hasira. Wapo wakwe wanaokaa nyumbani kwako kama wakaguzi, hata vijiko wanavikagua. Yeye alinichekesha. Nikipakua chakula alisimama mlangoni mwa jiko, akainua sufuria juu kwa vitambaa viwili. "Haya, haya! Sufuria hii imetoka mikononi mwa bingwa, nani anaongeza? Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Binti yangu, ambaye tulimwita Kasuku kwa vile alivyoiga kila alichokiona na kukisikia, aliruka juu chini akingoja. "Mara ya tatuuu!" Nyundo ikagonga kizingiti. "Imekwenda kwa mke wangu!" Mke mwenyewe ndiye huyo Kasuku, mjukuu wake, ambaye hata meno ya mbele hakuwa nayo.

Mume wangu alitoka kinyume kabisa. Ukiishi naye wiki nzima unaweza kusahau sauti yake ilivyo. Alikuwa karani katika kampuni ya bima, kitengo cha madai, na hakukuwa na faili asilojua lilipo. Lakini kila alipokaribia cheo, aliletwa kijana mwenye shahada ya uzamili ya biashara, na mume wangu akapewa kazi ya kumwonyesha bosi wake mpya mashine ya kurudufu ilipo na choo kilipo. Alipoletewa kijana mwingine tena, akarudi nyumbani, akavua tai, akaikunja vizuri kama kawaida yake, akasema, "Nakwenda kusoma."

Chuo alichokitaka kilidai alama za mtihani mmoja, ule ambao watu wa nchi zote wanaufanya wakitaka kusomea uongozi wa biashara. Nilidhani ni mtihani kama mingine, unaingia, unaandika, unatoka. Kumbe ni mnyama mwingine. Unafanywa kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe inakupima huku unakwenda: ukijibu sawa inakuletea swali gumu zaidi, ukikosea inakuonea huruma, inakuletea jepesi.

"Kwa hiyo ukiona rahisi ndiyo ulie?" nilimuuliza.

"Ukiona rahisi ujue umeshaharibu mahali."

"Na ukiona yanakushinda?"

"Hapo ndipo ufurahi."

Mzee Nyundo alipiga paja lake kofi. "Huo si mtihani, mwanangu. Hiyo ni ndoa!" Hata mume wangu alicheka, na yeye kucheka ilikuwa kazi.

Akasoma. Alfajiri kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, siku za mapumziko kutwa nzima. Alijifunza upya hesabu za uwiano na za uwezekano alizoziaga shuleni. Alijifunza kusoma aya ngumu kwa Kiingereza na kutafuta ni wapi mwandishi amedanganya. Alikuwa na tabia ya kuchezesha midomo akisoma, akalazimika kuiacha, maana hata hiyo ilikatazwa mtihanini. Alikaa mezani ameuma kalamu ili midomo itulie, na mate yanamtoka. Nilimfuta kidevu kama mtoto.

Kituo cha kufanyia mtihani kilikuwa mji mwingine, mbali, na nafasi zake zilijaa. Wenye mtihani waliruhusu mtu aufanyie nyumbani, kwa masharti. Na masharti yenyewe sasa! Chumba kifungwe. Meza isiwe na kitu isipokuwa kompyuta na ubao mdogo wa kufutika. Kabla ya kuanza unaizungusha kamera chumba kizima, hadi uvunguni mwa kitanda, ili msimamizi aliyeko nchi usiyoijua ahakikishe hujaficha mtu. Usisimame, usitazame pembeni, usizibe masikio. Na isisikike sauti ya mtu mwingine. Ikisikika, hata kama inaita paka, msimamizi atachukulia kwamba unasomewa majibu, atakata mtihani hapo hapo.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja tu chenye mlango unaofunga sawasawa, chumba chetu cha kulala. Na dirisha la chumba hicho linatazama kibaraza cha mbele, ambako mimi nasuka nywele. Kazi yangu ni ususi, na mteja wa msusi haji kusuka tu, anakuja kusema. Nikawahamisha wateja wangu, nikawa nawafuata majumbani na kichana changu kwenye mfuko. Wengine walinikimbia. Nilimeza hilo bila kulalamika, maana nilikuwa nimechoka kumwona mume wangu akikunja tai.

Mara ya kwanza alipoufanya, mimi na Kasuku tulikwenda kwa dada yangu. Mzee Nyundo alipelekwa kwa rafiki yake fundi viatu, wacheze drafti hadi jioni. Na huyo fundi viatu hakuwahi kufungwa na mzee tangu wajuane. Siku hiyo, siku hiyo hiyo katika siku zote, mzee akamfunga. Akasahau dunia. Akaja nyumbani na fimbo yake mbio mbio, akafungua geti na kupaza sauti ya mnadani: "Nimemfunga! Fundi viatu nimemfunga! Nani anaongeza?"

Yalikuwa yamebaki maswali machache. Mume wangu anasema msimamizi hata hakumgombeza. Aliandika sentensi moja ya adabu, skrini ikazima.

Nilifika nikawakuta sebuleni. Mzee amekaa kochini na kofia yake magotini, mume wangu amesimama. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema taratibu, kila neno na mahali pake.

"Baba, shuleni watoto waliniita Mara ya Tatu. Kuanzia darasa la kwanza mpaka namaliza. Nikinyoosha kidole kujibu swali, darasa zima linagonga madawati. Nikaacha kunyoosha kidole. Sikukulaumu. Lakini leo nakuomba, baba. Siku moja tu maishani mwako. Siku moja. Nyamaza."

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo. Nilitaka kumtetea na nilitaka kumtetea mume wangu pia, nikashindwa kuchagua, nikaenda jikoni.

Sheria ya mtihani ilimruhusu kurudia baada ya muda, na muda huo ulipohesabiwa ikaonekana ingebaki nafasi moja tu kabla ya chuo kufunga maombi. Baada ya hapo basi. Ufadhili wa chuo ulikuwa na ukomo wa umri, na mwaka uliofuata angekuwa ameshaupita. Hakukuwa na mtu nyumbani, hata Kasuku, asiyejua kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Mzee Nyundo akaanza kujifunza kunyamaza. Naweza kusema alijifunza kwa bidii kuliko mwanawe. Aliifunga nyundo yake kwa kipande cha kanga cha marehemu mkewe, akaisukuma uvunguni. Akawa anaomba chumvi kwa kunyoosha mkono. Akipiga chafya anakimbilia mto. Yeye na Kasuku walibuni lugha yao ya ishara, na ishara kubwa ilikuwa kidole kimoja midomoni, maana yake: mtihani. Nyumba ikapoa. Mwanzoni nilifurahia, halafu nikaanza kuimba peke yangu jikoni ili nisikie kitu.

Kisha akaingia mtaani, nyumba kwa nyumba. Aliwaeleza watu siku ya mtihani, akawaomba, akawafundisha kile kidole. Jirani yetu Mama Kuku, mfugaji, alikubali hata kumpeleka jogoo wake kwa kaka yake akalale huko. "Kwa ajili ya mwanao nitamfunga jogoo," alisema, "lakini wewe Nyundo atakufunga nani?" Wakacheka sana. Mzee akaweka kidole midomoni.

Ilibaki hofu moja. Kwetu mtu akija hagongi mlango kimya kimya, anaita. Hodi ya kwanza, hodi ya pili, hodi wenyewe, kwani mmelala? Muuza mifagio, msoma mita, mtu wa kuuliza njia, wote wanaita. Nani angewazuia getini?

Mzee akanyoosha mkono.

Mume wangu alisita. "Baba, si uende tu kwa fundi viatu?"

"Mwanangu," mzee alisema, kwa ile sauti yake mpya ya chini ambayo ilimkaa kama nguo ya kuazima, "nimeita watu maisha yangu yote. Niache siku moja niwafukuze."

Tukajaribu. Mume wangu alifanya mtihani wa majaribio, mlango umefungwa, saa inakimbia, na mzee akakaa kibarazani kwenye kigoda changu cha ususi, amevaa koti na kofia kama askari. Muuza mifagio alikuja, akavuta pumzi ili aite, akakutana na kidole. Akarudi nyuma kwa ncha za vidole na mifagio yake begani. Watoto wa mtaani wakaanza kupita wakinyata kwa makusudi, ili tu wapigiwe kidole. Jioni ile mume wangu alimega sehemu ya nyama yake akaiweka kwenye sahani ya baba yake. Mzee akaila taratibu, yote. Mimi niliona, nikajua wamepatana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mume wangu alivaa shati la kazini, sijui kwa nini, akaufunga mlango wa chumba. Mzee alikuwa ameshaketi kibarazani tangu mapema, na uso wake ulikuwa umechoka. Nilimuuliza, "Baba, umeamkaje? Vidonge vya presha umemeza?" Zamu yake ilikuwa imeshaanza. Akanijibu kwa dole gumba. Nikadhani ni wasiwasi, maana sote tulikuwa nao. Nikamshika Kasuku mkono, nikachukua mfuko wangu, tukaondoka.

Nilikwenda kumsuka mteja mmoja msumbufu, mwenye kichwa kigumu kwa maana zote. Mikono yangu ilisuka, moyo wangu ulikuwa nyumbani. Nilimalizia ncha haraka haraka, zile ambazo kwa kawaida nazichovya maji ya moto kwa nafasi, na mteja akanuna. Tukarudi kwa miguu. Tulipoingia mtaani kwetu nilisikia kimya, kimya kizuri, hakuna jogoo, hakuna redio, hakuna wa kumwita mwenzake. Nikaona fahari. Nikajisemea, kumbe imekuwa rahisi hivi.

Tulipokaribia geti nilimsikia mume wangu, ndani, anacheka. Anacheka kwa sauti, yeye. "Baba! Nimemaliza! Sogea basi nitoke!" Mlango wetu wa mbele unafungukia nje, nikauona unacheza kidogo, unasukumwa na kurudi. "Mzee wangu, zamu imekwisha! Piga kelele unavyotaka! Uza nyumba nzima!" Akasukuma tena, na tena akacheka.

Nilifungua geti. Kigoda kilikuwa kimelala ubavu. Mzee Nyundo alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye ule mlango, na kila mwanawe alipousukuma kichwa chake kiliyumba. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka kama nguo iliyotoka kibanioni. Kofia iko mapajani. Mate yamemlowesha koti. Akaniona. Jicho lake moja likaniona vizuri kabisa, akainua mkono wa kushoto, polepole, ukapotea njia ukagusa shavu, ukatafuta, ukafika. Kidole midomoni.

Na Kasuku, pembeni yangu, akaweka chake.

Nilipiga yowe. Sijui kama nimewahi kutoa sauti kama ile, hata nilipomzaa huyo mtoto. Mlango ukaacha kusukumwa.

Hospitali walituuliza swali moja, tena na tena, kila aliyevaa koti jeupe: "Ilianza saa ngapi?" Tulitazamana. Daktari mmoja, msichana mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi, alitueleza bila kutuzungusha. Ni kiharusi. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inafanya kazi mtu akiwahishwa, ila lazima wajue kilianza lini. Bila kujua hawawezi kuthubutu. Na kwa anavyomwona mzee, alisema, wakati wake umeshapita.

Tuliachwa kwenye benchi la korido. Mume wangu alikuwa bado na kalamu ya ule ubao wa kufutika mfukoni mwa shati.

"Nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Kitu kimeanguka. Kigoda. Nilikuwa kwenye hesabu, sehemu ya kwanza, bado mapema. Nikasikia puu, pale pale dirishani. Nikasema moyoni, mzee huyo, ameanza. Nikamwomba Mungu asipige kelele." Alikuwa anaitazama kalamu. "Na hakupiga. Nikamshukuru Mungu. Nikaendelea. Lile swali nililipata."

Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, na nitasema ukweli, kwa kitambo kidogo nilimchukia. Kisha nikamkumbuka akiuma kalamu mezani, chuki ikanitoka, nikabaki na huzuni tu.

Mama Kuku alikuja jioni. Alikuja na mayai kwenye bakuli, akaanza kulia akiwa bado mlangoni mwa wodi, na hatukuelewa kwa nini analia kuliko sisi.

"Nilimwona," alisema. "Mwenzenu nilimwona. Nilileta mayai asubuhi, nikamkuta amekaa chini pale mlangoni. Nikasema, Nyundo, mbona chini? Nilisema kwa kunong'ona, wallahi. Uso niliuona hauko sawa. Nikataka kuita. Nikafungua mdomo niite. Akaniwekea kidole." Akakionyesha, kidole chake chenye nyufa za kazi. "Nikamwuliza kwa mikono, unaumwa? Akaweka tena. Akanipungia niondoke. Mnamjua Nyundo alivyo mtu wa vituko. Nikasema anaigiza, anataka kunichekesha nicheke niharibu mtihani. Nikaondoka kwa kunyata, jamani. Nilivua na viatu."

Mume wangu aliinuka akamkumbatia. Yeye, ambaye hata mimi hanikumbatii mbele za watu. Mama Kuku alizidi kulia, na nesi akaja kutuambia wagonjwa wanapumzika, tafadhali tupunguze sauti.

Nilirudi nyumbani kuchukua mashuka. Kompyuta ilikuwa bado wazi mezani, ndani ya kile chumba ambacho safari hii hakikuwa na mtu wa kukilinda. Nilisogeza kipanya, skrini ikawaka, alama zikatokea. Zilikuwa za juu, za juu kuliko alizowahi kuzipata katika majaribio yake yote. Niliziangalia nikiwa na mashuka kifuani. Ningependa kusema niliifunga kompyuta ile kwa hasira, lakini nilifurahi. Ilinijia furaha kwanza, kabla ya jambo jingine lolote, na bado inaniumiza kwamba ilikuja.

Mzee alirudi nyumbani baada ya muda, kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Upande wa kulia hauna kazi. Tulimpa chumba chetu, maana kina nafasi, tukamhamishia kitanda chake chini ya dirisha, sanduku lake na ile nyundo uvunguni, nasi tukahamia sebuleni. Mtaalamu wa kufundisha watu kusema tena alikuja kumpima, akamfungua kinywa, akamsikiliza koo, akatuambia tusikate tamaa: sauti ipo, inahitaji kuamshwa kidogo kidogo. Akasema mzee azungumzishwe, achekeshwe, nyumba isiwe kimya.

Na kweli ipo, maana mimi nimeisikia. Nimewarudisha wateja wangu kibarazani, dirisha liko wazi, wanasema wanavyotaka, na mara nyingine namsikia mzee anaguna kwenye pointi nzuri. Kasuku humwuzia vijiko. "Mara ya kwanza, babu! Mara ya pili!" Na mzee anakaza shingo, jasho linamtoka, inatoka sauti nene, haina herufi, lakini ni yake. Mara moja ilitoka "ta". Mimi na Kasuku tulicheza kitandani kama wendawazimu.

Lakini mume wangu akiingia, basi. Akisikia tu geti na zile hatua zake, midomo inafungwa. Mkono wa kushoto unapanda, kidole kinakaa mahali pake, na jicho linautazama mlango wa chumba kuona kama umefungwa. Mume wangu amemwambia. Amepiga magoti akamwambia, "Baba, mtihani umekwisha. Nimefaulu. Umenisaidia nimefaulu." Mzee anamsikiliza kwa makini, anatikisa kichwa kukubali. Kidole hakishuki. Mtaalamu anasema ubongo ukiumia wakati mwingine unang'ang'ania pale ulipokuwa. Mimi nadhani mzee hamwamini tu. Mara ya kwanza pia, siku alipomfunga fundi viatu, alidhani hakuna ubaya.

Chuo kimemkubali, na ufadhili juu yake. Wanataka jibu, na siku za kujibu zinakwisha. Nilimuuliza atafanyaje.

"Nikienda," alisema, "ndiyo nimelipwa kwa yaliyompata baba. Nisipokwenda, alikaa pale sakafuni bure. Niambie wewe."

Nikamwambia aende. Nilimwambia kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa angeniuliza kama nina hakika. Usiku ule nilimsikia akigeuka na kugeuka kwenye godoro la sebuleni.

Jana alirudi mapema kutoka kazini. Aliingia kwa baba yake, kidole kikapanda kama kawaida. Akainama uvunguni, akavuta ile nyundo, akafungua kipande cha kanga, akakikunja vizuri, akatoka kibarazani. Nilikuwa nasuka. Mteja wangu alikuwa kati ya magoti yangu, kichwa kimesukwa nusu. Mume wangu akasimama mbele ya dirisha, ambapo baba yake angemwona, akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Haya! Haya jamani! Nyumba hii! Nyumba nzima, na watu wake, na kelele zake zote! Nani anaongeza?"

Sauti ilimpasuka katikati, haijazoea. Lakini ilikuwa ile ile. Hata yeye alishtuka kuisikia, sauti ya baba yake imekaa ndani yake miaka yote hiyo hajaitumia. Mteja akageuza kichwa, nywele zikanitoka vidoleni. Mama Kuku akatokea getini kwake. Watoto wakasimama barabarani.

"Mara ya kwanza!" Shingo imemvimba, machozi yanamtoka, hajali. "Mara ya pili!"

Akanyoosha mkono dirishani, akamwekea baba yake nyundo katika ule mkono mzima. Akangoja. Sote tulingoja. Kasuku alikuwa kitandani kwa babu yake, amepiga magoti, mdomo wazi, tayari.

Mzee Nyundo aliitazama nyundo. Akamtazama mwanawe, na kile nilichokiona kwenye jicho lile kilikuwa hofu, hofu ya mtu anayemwona mwenzake akitaka kujiharibia kwa mikono yake mwenyewe. Akaiweka nyundo juu ya shuka, taratibu, isitoe mlio. Kisha akaunyoosha mkono nje ya dirisha, hadi ukafika usoni kwa mwanawe, na kile kidole akakiweka kwenye midomo ya mume wangu.